Tuta peke yake halitoshi

Leo tumezibua mitaro ya mashambani huku Korogwe, kabla masika hayajaanza. Wengi wanataka tuta la mto, lile la kuzuia mafuriko, liinuliwe tu, basi. Lakini tuta lisilo na pa kutolea maji linageuza shamba bwawa: mto uko nje, mvua imenaswa ndani, mahindi yanaoza. Ndiyo maana nimeng'ang'ania makalvati kwanza, yaani mabomba ya kupitishia maji chini ya njia, matete na tope vyote vitoke. Mto Luengera unashusha udongo wa milima ya Usambara, na mto Pangani ukijaa, Luengera unakosa pa kumwagia.

Ngumu ni zile mita 60 za ukingo ambazo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazilinda. Mzee mmoja kaniambia, "Mwanangu, mto tumeukuta hapa." Sawa babu, ila mahindi ya ukingoni hatukuyakuta! Kesho kikao na wenye mashamba.