Karafuu Niliyoikuta Osafune

Mtoto wa dada yangu anasoma Okayama, Japani. Nilipomwambia nimechoka kupigwa picha mbele ya mahekalu, akaniuliza, "Mjomba, unapenda visu?" Nikacheka. Mtu aliyekulia Wete, Pemba, kwenye nyumba yenye jambia la babu ukutani, linaloshushwa siku ya harusi tu, ndiye wa kuulizwa hivyo?

Tukapanda treni ya asubuhi kwenda Osafune, Jumapili ya pili ya mwezi. Siku hiyo hatukuichagua ovyo. Ndiyo siku wahunzi wa makumbusho ya panga wanapofua chuma mbele ya watu. Treni ilikwenda kama nusu saa hivi, halafu tukatembea kandokando ya mashamba ya mpunga, jua utosini. Nilivaa viatu vipya vinavyobana. Sina wa kumlaumu.

Banda la mhunzi lilikuwa na giza, ili rangi ya chuma motoni isomeke vizuri. Mhunzi mkuu alikaa mbele ya moto wa makaa ya msonobari, mkono wa kushoto ukisukuma na kuvuta mti wa mvukuto wa sanduku. Chuma chake kinaitwa tamahagane. Hutokana na mchanga wa chuma kule Okuizumo, mkoa wa Shimane, kwenye tanuri la udongo linalowaka siku tatu, usiku na mchana. Tanuri hilo lilifufuliwa mwaka 1977, maana bila chuma hicho kazi yenyewe ingekufa.

Akalipaka pande la chuma tope, akaligaragaza kwenye majivu ya mabua ya mpunga, akalirudisha motoni. Lilipotoka linang'aa, akagonga kwa nyundo ndogo, na vijana wawili wenye nyundo za mipini mirefu wakaitika. Hakusema neno. Nyundo ndogo inaita, kubwa zinajibu, kama ngoma. Cheche zikaturukia, mama mmoja mbele yangu akarudi nyuma ghafla na kunikanyaga, tena kiatu kilekile. Kisha chuma kikakatwa kati kwa tindo, kikakunjwa, kikafuliwa upya. Hukunjwa hivyo zaidi ya mara kumi. Piga hesabu: mara kumi peke yake ni tabaka 1,024.

Ndani ya makumbusho ndiko nilikokutana na tanto, jambia la Kijapani. Ubapa wake haufiki shaku moja, yaani kama sentimita 30, na haukupinda kama jambia la Oman. Lile nililosimama mbele yake lilikuwa limelazwa uchi, bila mpini wala ala, na msuka wake, ile ncha inayoingia ndani ya mpini, umejaa kutu nyeusi. Moyoni nikasema, uzembe gani huu? Kumbe kutu ya msuka haiguswi. Wajuzi wanasoma humo umri wa silaha, na humo ndimo mhunzi alimochonga jina lake. Ukiusugua ung'ae, umefuta karne kadhaa kwa dakika moja.

"Usisimame wima, Mjomba. Chuchumaa, taa ikupige usoni." Nikachuchumaa, magoti yakalia. Hapo ukatokea ukungu mweupe kwenye makali, wenye meno yaliyoinama kama ya msumeno. Ni mtindo uliompa sifa Kagemitsu, mhunzi wa hapahapa Osafune mwanzoni mwa karne ya 14. Mstari huo haukuchorwa. Mhunzi hupaka ubapa udongo, mzito mgongoni na mwembamba kwenye makali, akautia moto, kisha akauzamisha majini. Makali yanapoa ghafla na kuwa magumu, mgongo unapoa taratibu na kubaki laini. Mpaka wa viwili hivyo ndio mstari unaouona, na umbo lake linafuata mkono uliopaka udongo.

Kijana akanivuta hadi kwenye upanga mrefu, wa kabla ya Kagemitsu. "Mtindo huu wanauita choji."

"Ndiyo nini?"

"Karafuu."

Nikachuchumaa tena, safari hii bila kuambiwa. Naam! Vichwa vya mviringo, viuno vyembamba, vimesongamana kama karafuu mbichi mkekani kabla ya kuchambuliwa. Nimechuma karafuu tangu utotoni, sihitaji miwani kuzijua. Nilikaa hapo mpaka mlinzi akaanza kunitazama.

Kwenye karakana ya pembeni, fundi alikuwa anafuta tanto kwa karatasi laini, kisha akaipitishia mafuta membamba kuzuia kutu. Harufu ikanifikia kabla sijauliza. Mafuta ya choji! Ndiyo yaliyokuwa yakipakwa tangu zamani, ingawa siku hizi mengi ni mafuta ya madini yaliyotiwa karafuu kidogo. Nikamwambia kijana amtafsirie fundi kwamba nimetoka kisiwa cha karafuu. Fundi akaweka silaha chini kwanza, kwa mikono miwili, ndipo akaniinamia. Kisha akaninusisha kitambaa chake.

Nilinunua kichupa kwa ajili ya jambia la babu. Nyumbani dada yangu akakifungua, akanusa, akanusa tena.

"Kaka, haya si mafuta ya makonyo ya karafuu? Wawi hapa wanakamua kila siku. Umeyafuata Japani?"