Nilivyojiandaa na siku ya vipimo kabla ya kupasuliwa jicho

Mimi ni fundi cherehani, nafanya kazi Kariakoo, na mtoto wa jicho alianza kunisumbua kwenye uzi mweusi. Uzi mweusi juu ya kitambaa cheusi ulikuwa unapotea kabisa. Nikawa namwita kijana wangu wa kazi anitungie sindano, baadaye nikaanza kukataa suti za rangi nzito. Daktari aliponiambia jicho la kulia limeshaiva, na kwamba hakuna matone wala miwani ya kuuondoa ule ukungu isipokuwa upasuaji, sikubishana. Akanipa tarehe, lakini haikuwa ya upasuaji. Ilikuwa ya kwenda kupimwa kwanza.

Tarehe hiyo wengi wanaichukulia kama siku ya kufungua faili na kulipia tu. Jirani yangu wa Tandika, ambaye ameshapasuliwa macho yote mawili, ndiye aliyenishtua. "Siku ile ndiyo unaulizwa kila kitu," aliniambia. "Ukienda mikono mitupu utajibu sijui, sijui, mpaka wakwambie ukajipange urudi."

Nikaanza na dawa. Kuandika majina sikujisumbua, mwandiko wangu hata mwenyewe unanishinda. Nilikusanya maboksi yenyewe kwenye mfuko mmoja: vidonge vya presha, vya tezi dume, vya mgongo ambavyo najinunulia duka la dawa, na kichupa cha unga wa mizizi nilicholetewa kutoka kijijini. Yote nikafunga pamoja na kitambulisho cha NIDA na cheti cha kliniki ya presha.

Hilo la tezi dume lilinipa mtihani. Msindikizaji wangu alikuwa binti yangu, na kuna habari ambazo baba haziongei mbele ya binti yake. Nikapanga tangu nyumbani. Tulipoitwa chumba cha nesi nikamwambia, "Mama, hebu nitafutie maji ya kunywa hapo nje." Alipotoka tu, nikamwaga mfuko mezani. Sista akawa anaandika moja baada ya nyingine; alipofika kwenye boksi la tamsulosin, ile dawa yangu ya tezi dume, akanyanyua kichwa. "Hii unaitumia tangu lini, mzee?" Nikamwambia tangu mwaka juzi. Akaiandika kwa kalamu nyekundu juu kabisa ya faili.

Maelezo yake yalinishangaza, kwa sababu nani angedhani dawa ya kukojoa ina habari na jicho? Ile dawa inalegeza misuli ya tezi, lakini inalegeza pia msuli wa ile sehemu yenye rangi inayozunguka mboni. Katikati ya upasuaji mboni inaweza kusinyaa na ile sehemu ikawa inapeperuka ndani ya jicho. Daktari akijua mapema anajiandaa kwa dawa na vifaa vyake. Asipojua, inamkuta mkono ukiwa tayari ndani ya jicho la mtu. Na kuiacha kimya kimya wiki moja kabla hakusaidii, maana athari yake inaweza kubaki muda mrefu. Akaniambia niendelee nayo, na hivyo hivyo kwa wale wanaotumia dawa za kuyeyusha damu: asiache mtu kwa akili yake, aseme kwanza. Kuhusu mizizi aliuliza swali moja tu, kama kuna kitu chochote cha kienyeji nimewahi kutia machoni. Sijawahi. Nasikia wapo wanaotia asali.

Asubuhi ile nilimeza dawa ya presha kama kawaida na kunywa chai. Nilikuwa nimepiga simu mapokezi siku moja kabla kuuliza kama natakiwa nifunge, nikaambiwa kwa siku ya vipimo nile tu. Tuliondoka mapema, kabla foleni ya Mandela haijashika, kwa hiyo nilifika sijahangaika. Hata hivyo presha ya kwanza ilisoma 168 kwa 96. Sista hakushtuka, akaniambia nikae kwenye benchi, nisiongee, nisishike simu. Ya pili ikawa 150 kwa 88. Sukari ilikuwa sawa. Wangekuta usaha au kope zenye ukurutu wangenitibu hivyo kwanza, kwa hiyo siku chache kabla nilikuwa nasafisha kope kwa maji safi ya uvuguvugu kila jioni. Vumbi la vitambaa si dogo.

Kipimo kilichonivutia ni cha urefu wa jicho, ambacho ndicho wanachotumia kuchagua namba ya lenzi bandia utakayowekewa badala ya ile yenye ukungu. Miaka yote napima watu mabega na viuno, siku ile nikakaa upande wa mteja. Unaweka kidevu kwenye mashine na kutazama taa bila kupepesa. Jicho la mtu mzima kwa kawaida lina kama milimita 23 au 24 kutoka mbele hadi nyuma, na kukosea milimita moja tu kunamfanya mtu atoke na lenzi iliyopotoka kwa karibu namba tatu za miwani. Kwangu mimi, ambaye nusu inchi naisamehe kwenye suruali, hiyo ni hesabu ya kutisha. Jicho la kushoto lilipimika mara moja. La kulia mwanga haukupenya, ukungu ulikuwa mzito mno, kwa hiyo wakanitilia ganzi ya matone na kugusa jicho kwa kifaa kama kalamu kinachopima kwa mawimbi ya sauti. Hakiumi. Unaona ajabu tu kwamba kitu kinagusa jicho na wewe umetulia.

Wakati tunasubiri, binti alinisomea kwenye simu habari za Harold Ridley, daktari wa Uingereza aliyeweka lenzi bandia ya kwanza London mwaka 1949. Alikuwa ameona marubani wa vita walioingiwa na vipande vya plastiki za madirisha ya ndege machoni, na macho yale hayakukasirika. Nilikuwa na wasiwasi wangu wa chinichini kuhusu kuishi na plastiki ndani ya jicho hadi kufa. Nikatulia.

Kisha likaja swali ambalo ningekuwa sijajiandaa ningelijibu hovyo: unataka uone vizuri wapi, mbali au karibu? Lenzi ya kawaida inakaa kwenye umbali mmoja, kwingine utavaa miwani. Jirani alikuwa amenidokeza, kwa hiyo nyumbani nilikaa kwenye cherehani kama ninavyokaa siku zote, binti akashika tepu kutoka jichoni kwangu hadi kwenye sindano. Sentimita 40. Nilipomtajia daktari akacheka, akasema wagonjwa wengi wanamwambia "karibu hivi" huku wameinua kiganja. Kwa umbali huo, akasema, lenzi ikiwekwa ya mbali nitahitaji miwani ya namba 2.50 hivi nikishona. Nikachagua mbali. Miwani ya kazini nimeshaizoea zamani. Kuvuka Mtaa wa Uhuru bila kuona bodaboda inakotokea ndiko kulikokuwa kunanimaliza.

Fomu ya ridhaa niliomba tuisome kabla ya matone ya kupanua mboni, kwa sababu baada ya hapo ya karibu hayasomeki kwa saa kadhaa. Binti alisoma taratibu, pamoja na sehemu ya hatari: maambukizi ndani ya jicho ni nadra, lakini yakitokea ni dharura ya kurudi hospitali siku hiyo hiyo, usisubiri kuche. Nikauliza pia kama bei niliyotajiwa inajumlisha lenzi, matone ya baadaye na kliniki za marudio. Lenzi na marudio zilikuwemo, matone najinunulia.

Swali la mwisho: naweza kulala chali nusu saa, uso umefunikwa, bila kukohoa? Nilikuwa nimeshajaribu nyumbani kwa kujifunika khanga. Naweza, mradi nisinywe kitu cha baridi usiku wake.

Kutoka nje saa saba mchana na mboni zimepanuka, Dar hii, bila kofia na miwani ya jua usijaribu. Nilishika mkono wa binti mpaka kwenye bajaji. Tarehe ya upasuaji walitaka iwe mwanzoni mwa Januari, nikawaomba iwe Februari. Januari ni sare za shule, na baada ya upasuaji sitakiwi kuinama wala kukaa kwenye vumbi kwa muda. Wakakubali.