Si kila doa ni maji: nilivyopunguza utamu wa kila saa nyumbani

Ukikaa huku Usa River, jino lolote la kahawia lina maelezo yake tayari: "ni maji." Na kweli, maji mengi ya chini ya Mlima Meru yana floraidi nyingi, madini yanayotia meno madoa, na pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti wa kuiondoa. Ila maelezo hayo hufunika mengine. Binti yangu wa miaka sita alipoanza kutafuna upande mmoja, majirani wote walisema maji.

Daktari wa meno alimfungua mdomo, akaniita nisogee. Madoa ya maji yalikuwa meno ya mbele, kushoto sawa na kulia, na meno yenyewe magumu. Gego la chini lilikuwa habari nyingine: tundu jeusi katikati, na ndani yake mabaki mekundu ya ubuyu. Wala halikuwa la utoto. Gego la kwanza la ukubwani huota nyuma kabisa, mtoto akiwa na miaka kama sita, bila jino lolote kung'oka, ndiyo maana wazazi wengi hatujui kama limeshafika. Likazibwa siku hiyohiyo.

Hakuniuliza mtoto anakula sukari kiasi gani. Aliuliza mara ngapi. Bakteria wakipata sukari hutoa asidi, na mate huchukua kama nusu saa, pengine zaidi, kuituliza. Mtoto anayemumunya ubuyu kutoka shule mpaka nyumbani, akifika anakunywa juisi, kisha biskuti, huyo mate yake hayapumui.

Sikupiga marufuku. Marufuku kwa mtoto ambaye bibi yake anakaa nyumba ya pili ni kupoteza muda. Vitamu vyote tukavihamishia baada ya chakula cha mchana, vinaliwa kwa mara moja, basi. Kwa Mangi, mwenye duka la mtaani, nilikwenda mwenyewe: "Mangi, huyu akija na jero muuzie karanga. Ubuyu na pipi hapana, hata akilia." Akacheka, lakini neno amelishika; karanga nazo si ni biashara yake? Chai ya jioni ndiyo iliyoleta kilio. Dada wa kazi akawa anapunguza sukari kidogo kidogo mpaka ikaisha, na akishapiga mswaki usiku ni maji tu.

Kuhusu dawa ya meno, jirani alinishauri nitafute isiyo na floraidi, eti tunayo ya kutosha kwenye maji. Daktari alikataa: madoa huletwa na floraidi inayomezwa wakati meno yanajiunda chini ya ufizi, si ile ya dawa inayotemwa. Kwa hiyo naweka kiasi cha punje ya njegere, anatema, na usiku nampigia mswaki mwenyewe, maana mkono wake haufiki kwenye magego.

Bibi sasa. Alinisikiliza vizuri, akakubali, kesho yake akampa mkate na asali kwa kuwa "asali ni dawa."

"Mama, kwa meno asali nayo ni sukari," nikamwambia.

"Haya, mjukuu wangu akija nimpe nini? Maji?"

Tukakubaliana loshoro, yaani mahindi na mtindi, maana mtindi hauna ugomvi na meno. Ameshaniambia kuwa angempa loshoro tangu mwanzo, sisi wa mjini ndio tuliomzoesha biskuti.