Fundi wa baridi

Mwezi wa Juni Muscat, Oman, hapakaliki. Siku nyingine joto linapita nyuzi 45, na sheria inakataza kazi za juani kuanzia saa sita na nusu mchana mpaka saa tisa na nusu, Juni hadi Agosti. Hiyo ni raha ya watu wa ujenzi. Sisi mafundi wa AC saa hizo ndiyo simu zinalia, maana mashine nazo hufa saa hizo hizo. Kazi yetu inahesabiwa ya ndani, ingawa kompresa iko juu ya paa.

Lakini kazi hii inaniingiza majumbani, na Muscat ukiingia majumbani hukawii kukutana na Kiswahili. Nabisha hodi Al Khuwair au Seeb, natoa salamu kwa Kiarabu changu cha kuungaunga, bimkubwa ananitazama juu mpaka chini. “We mtu wa wapi, mwanangu? Pemba? Pemba ya wapi?” Nikishasema Wete, AC inasubiri. Kwanza chai ya maziwa na mandazi.

Mmoja wao aliondoka Unguja 1964, msichana mdogo, akapitia Dubai, akafika hapa baada ya Sultan Qaboos kushika nchi 1970 na kuwaita Waomani walio nje warejee. Kila nikienda ananiuliza Darajani kukoje, Malindi kabaki nani. Mie Darajani huwa napita tu nikiwahi boti, lakini najibu. Wanawe wanamjibu kwa Kiarabu. Wajukuu Kiswahili wanakielewa wakiitwa kula. Siku moja nikamuuliza, bibi, mbona hukurudi Unguja ukakaa?

“Nilikuwa narudi, baba. Watoto wakaanza skuli.”

Kisha akauliza kama gesi inatosha.

Jibu lile limenikaa vibaya, kwa sababu mie sina mke wala mtoto na nshaanza hivyo hivyo. Mkataba wa kwanza ulikuwa wa mabati ya nyumba ya mama. Yakaezekwa. Uliofuata, kisima. Sasa kuna mdogo wangu chuoni. Rial moja inazidi dola mbili na nusu, ukiitaja Wete unaonekana tajiri, hawajui chumba cha Ruwi tunalala wangapi. Wala si pesa tu, nisidanganye. Napenda mishkaki ya kando ya barabara usiku. Napenda mtu mzima na heshima zake kunisubiri mlangoni kwa sababu ya ufundi wangu. Nyumbani nilikuwa mtoto wa fulani.

Likizo iliyopita nilifika msimu wa karafuu. Majamvi yameanikwa mpaka barabarani, wachumaji wanadai pishi iongezwe bei, baba hapandi tena kwa sababu ya magoti. Nikapanda mie. Kufika nusu ya mti mikono inatetemeka, watoto huku chini wanapiga kelele: “Mwarabu kashindwa!” Usiku sikulala kwa joto. Chumba nilichozaliwa, dirisha lile lile, na mie ndiye fundi wa baridi! Mama alisikia nikijigeuza, asubuhi akawaambia majirani mwanawe ana homa.

Wiki iliyopita baba kaniletea ujumbe wa sauti. Kapata mtu anayetaka kuikodi mikarafuu yetu msimu mzima, pesa mkononi, kwa sababu huko nyumbani hakuna kijana wa kuisimamia. Anataka niseme ndiyo, au niseme nakuja. Na kafili, mdhamini wangu wa kazi hapa, naye kaleta karatasi ya miaka miwili, mshahara umeongezwa.

Nimemwambia baba asimpe mtu. Kafili nimemwomba anisubiri mpaka mwisho wa mwezi. Alishangaa kweli: pesa imeongezwa, unafikiri nini tena? Nikabaki nachekacheka tu. Kiarabu changu hakijafika kwenye mikarafuu.