Simba wa Tsavo ndani ya kioo

Mimi nimekulia Voi, ambako mtoto husikia habari za simba wa Tsavo kabla hajajua kusoma. Kwa sababu hiyo, siku nilipoingia katika Makumbusho ya Field mjini Chicago, sikukawia mbele ya tembo wawili wanaokabiliana katika ukumbi mkuu, bali niliuliza njia ya kwenda kwa wale madume wawili ambao mwaka 1898 walisimamisha ujenzi wa daraja la reli kwenye Mto Tsavo kwa kuwala wajenzi wake. Niliwakuta nyuma ya kioo, mmoja amesimama na mwenzake amejiinamisha chini, wote wawili hawana manyoya marefu shingoni. Nakiri kwamba niliwaona wadogo, nikasikitika kidogo.

Udogo huo una sababu yake. John Henry Patterson, mhandisi aliyesimamia daraja, alimuua wa kwanza tarehe 9 Desemba 1898 na wa pili tarehe 29 mwezi huohuo, na huyo wa kwanza alipopimwa alikaribia urefu wa mita 3 kuanzia puani hadi ncha ya mkia. Ngozi zao zilitandikwa sakafuni kama mazulia kwa takriban miaka 25, mpaka makumbusho yakazinunua mwaka 1924 kwa dola 5,000. Ngozi iliyokusudiwa kumhifadhi mnyama hutunzwa tangu siku ya kuchunwa. Carl Akeley, aliyewatengeneza wale tembo wa ukumbini, alikuwa akifinyanga kwanza mwili mzima kwa udongo, pamoja na misuli na mikunjo yake, kisha akautolea kalibu ya plasta, na ndani ya kalibu hiyo akaunda umbo jepesi lenye uwazi ndani, ambalo ndilo lililovikwa ngozi. Fundi Julius Friesser, aliyepewa kazi ya simba, hakuletewa ngozi za namna hiyo. Alipokea mazulia yaliyokatwa kingo na kuchakaa, akalazimika kuunda miili inayotosha ngozi iliyobaki, ndiyo maana simba tunaowaona ni wadogo kuliko walivyokuwa walipokuwa hai.

Hata hivyo, wageni wengi wanaopiga picha mbele ya kioo hawajui kwamba ndani ya vichwa vile hamna mafuvu. Mafuvu yamehifadhiwa peke yake, na kwa maoni yangu hayo ndiyo hazina yenyewe. Fuvu la mmoja wao lina chonge la chini lililovunjika, na kwenye mzizi wake mfupa umelika kwa usaha, hali ambayo bila shaka ilimtesa kila alipojaribu kumkaba nyati au punda milia. Katika matundu ya meno yaliyovunjika mlishindiliwa nywele za windo baada ya windo. Thomas Gnoske, mtumishi wa makumbusho hayo, ndiye aliyeziona katika miaka ya 1990, na mwaka 2024 watafiti walitangaza kwamba vinasaba vyake vilionyesha twiga, choroa, kuro, nyumbu, punda milia, na binadamu.

Hapo kwenye binadamu ndipo moyo wangu uliposhikwa. Patterson aliandika kwamba Wahindi waliouawa walikuwa 28, na kuhusu Waafrika akasema kwamba hapakuwa na kumbukumbu rasmi. Baadaye akataja jumla ya watu 135. Utafiti wa mwaka 2009, uliopima kemikali katika mifupa na manyoya ya simba hao, ulikadiria kwamba walioliwa ni watu 35 hivi. Kila simba ana namba yake katika daftari la makumbusho, imeandikwa kwa uangalifu, ilhali Mtaita, Mkamba au mtu wa pwani aliyeburutwa kutoka hemani usiku hakuandikwa popote. Alama pekee inayoweza kuwa imebaki ya mmoja wao ni unywele uliokwama katika jino.

Niliwaheshimu sana watafiti hao niliposoma kwamba waliamua kutozichambua kwa undani zile nywele za binadamu, kwa kuwa huenda kuna wajukuu na vitukuu wanaoishi hadi leo, nao wanastahili kushirikishwa kwanza. Uamuzi huo ni wa haki. Naomba wakati wa kuuliza ukifika, waulizaji wasiishie katika ofisi za Nairobi, wafike Voi, Mtito Andei na vijiji vya Taita, wakae na wazee na kuwaeleza kwa Kiswahili kilichomo ndani ya jino lile, kisha wawape muda wa kujibu.