Kutoka Kahama hadi vilima vya Ngara: safari ya kuitafuta nikeli

Lami kutoka Kahama haina taabu. Unapita Ushirombo, Runzewe, Nyakanazi na Lusahunga, malori ya mafuta na makontena ya Rwanda na Burundi yakiwa mbele na nyuma yako. Tulipofika Nyakahura tuliiacha lami tukashika njia ya Rulenge, wakati huo ikiwa bado ya changarawe. Udongo ni mwekundu na mlaini. Masika ikikolea, lori lililobeba mashine ya kuchoronga (kutoboa mwamba) huzama hadi ekseli, kwa hiyo mashine hupandishwa kabla ya mvua za Machi na mabomba husafirishwa peke yake kwenye gari jepesi.

Wenyeji wetu walikuwa kampuni ndogo yenye leseni ya utafutaji kwenye mkanda uleule wa miamba ya Kabanga, mradi mkubwa wa nikeli wilayani Ngara. Kabanga yenyewe imechunguzwa tangu miaka ya 1970, ilipoanza kama mradi wa Umoja wa Mataifa. Imepita mikono mingi. Mwaka 2018 leseni za kuhodhi maeneo zilifutwa nchi nzima na yake ikiwemo. Mwaka 2021 ukasainiwa mkataba mpya ulioizaa kampuni ya Tembo Nickel, serikali ikiwa na hisa asilimia 16.

Kabla ya kupanda mlimani tulipita ofisi ya kijiji. Mtendaji anasoma barua, mwenyekiti anauliza njia ya gari itapita shamba la nani, kisha migomba na mihogo itakayokatwa inahesabiwa na kulipwa fidia. Anayeruka hatua hii atasimamishwa na wenye mashamba, na watakuwa na haki kabisa.

Kazi huanza na udongo. Sampuli huchotwa kwa mistari inayokata mkanda wa miamba, chini ya tabaka lenye mizizi, huchekechwa na kupelekwa maabara. Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Miamba yenye magnesiamu nyingi ikioza kwa mvua za karne na karne huacha nikeli kwenye udongo hata kama chini hakuna mbale ya salfaidi, yaani madini ya metali zilizoungana na salfa. Ng'ambo ya mpaka, Musongati nchini Burundi, nikeli imejikusanya kwenye udongo wa namna hiyo. Kwa hiyo nikeli na kromu zikipanda bila shaba, umeonyeshwa aina ya mwamba tu. Shaba ikipanda pamoja na nikeli, na platinamu na paladiamu zikajitokeza hata kwa kiwango kidogo sana, hapo kuna sababu ya kuchoronga.

Vipimo vya sumakuumeme hufuata. Salfaidi hupitisha umeme vizuri, lakini kinywe (grafiti) kilichomo kwenye shisti (miamba ya matabaka membamba) za eneo hili nacho hupitisha, na mashimo mengi yameishia kwenye kinywe kitupu. Ndiyo maana ramani ya sumaku hulazwa juu ya ile ya umeme: pirotiti, salfaidi ya chuma, mara nyingi huvuta sumaku, kinywe hakivuti.

Kwenye mashine, kila anayekuja hutazama mtambo. Mimi ningemshauri atazame maji. Sehemu ya juu iliyooza huyameza. Mchorongaji akiongeza presha, mwamba mlaini unasombwa na hakuna kitakachopanda. Dawa yake ni kushusha kesingi (bomba la kukinga kuta za shimo) mpaka mwamba mgumu, kuchanganya polima (kemikali ya kuyafanya maji yawe mazito) kwenye maji na kuvuta vipande vifupi. Bomba huwa na mita 3. Likitoa mita 2.6 tu, zile sentimita 40 huandikwa palepale kwenye kibao cha kina. Kuzifidia kwa kuvitanua vipande sandukuni kunaharibu kila hesabu itakayofuata.

Kipande kinachotoka bombani, kambini wanakiita kora. Mita moja ya kora yenye kipenyo cha milimita 47.6 katika mwamba wa kawaida ina uzito wa karibu kilo 5. Ya salfaidi tupu hukaribia kilo 8. Sanduku huwa la watu wawili. Ukiilowesha kora na kuigeuza juani unaiona pirotiti ya rangi ya shaba nyeusi, pentlanditi yenye nikeli, iliyopauka, ikijipanga pembezoni mwa chembe zake, na kalkopiriti yenye shaba, ya njano kali, kwenye nyufa. Iangalie mapema. Pirotiti iliyolowa huanza kuoza, hutoa asidi na kumomonyoka, kwa hiyo uzito mahususi hupimwa kora ikiwa bado mbichi: uzito hewani gawanya kwa tofauti kati ya uzito hewani na uzito ndani ya maji.

Kora hupasuliwa kwa msumeno wa almasi, na nusu ya upande uleule ndiyo huchukuliwa siku zote. Sampuli haivuki mpaka wa mwamba wala haizidi mita 1. Katikati ya sampuli huchomekwa nyingine za kuikagua maabara: sampuli ya kiwango kinachojulikana, mwamba usio na kitu, na marudio. Mwamba usio na kitu huwekwa mara baada ya salfaidi nzito, kwa sababu hapo ndipo kinu cha maabara huchafua sampuli inayofuata.

Fomu ya maabara ya Mwanza iombe salfa pamoja na nikeli, shaba na kobalti. Platinamu na paladiamu huombwa kwa njia ya kuyeyusha kwa moto. Bila salfa, nikeli ya asilimia 0.3 haikuambii chochote: olivini, madini ya mwamba yasiyo salfaidi, peke yake inaweza kubeba kiasi hicho, na hakuna kiwanda cha kuelea (kinachotenga salfaidi kwa povu) kitakachoitoa. Salfa ikiwa asilimia 0.1, usipoteze dizeli. Ikiwa asilimia 2, gawanya kwa 38, ambayo ni takriban asilimia ya salfa ndani ya pirotiti, nawe unapata salfaidi ya karibu asilimia 5 ya mwamba. Shimo kama hilo hushushiwa koili ya sumakuumeme kabla halijaziba, kwa sababu salfaidi nzito inaweza kuwa mita chache tu pembeni, mahali ambapo bomba halikupita.

Mifuko hufungwa lakiri zenye namba, orodha husainiwa na dereva, na gari huondoka kambini alfajiri barabara ikiwa kavu.