Mfungwa Anayelishwa

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Wiki hii yote nimeshindwa kulivuka neno moja: "Linda moyo wako kuliko yote uyalindayo, maana ndiko zitokako chemchemi za uzima" (Mithali 4:23). Limenikaba kwa sababu ya namna tunavyosali siku hizi. Sala za kufukuza maadui zimekuwa ndefu na zina kelele. Adui ni jirani, ni wifi, ni bosi, ni yule aliyetazama mtoto vibaya. Mlango wenyewe anaopitia adui hatuuangalii hata mara moja. Sulemani alimtuma mvivu kwa chungu akajifunze. Sisi Kwaresima hii twende kwa nyuki, na tuanzie kwa nyuki wa watawa.

Kusini-magharibi mwa Uingereza, pembeni mwa nyanda za Dartmoor, ipo abasia, yaani monasteri, ya Wabenedikto iitwayo Buckfast. Ilianzishwa mwaka 1018, Mfalme Henry VIII akaifunga mwaka 1539, na watawa wakarudi 1882. Kanisa la sasa walilijenga wenyewe kuanzia 1907, mafundi wakiwa wanne tu kwa kawaida, wakizidi sana sita. Mvulana mmoja kutoka Ujerumani, Karl Kehrle, alifika hapo mwaka 1910 akiwa na miaka 11. Afya yake haikuweza kubeba mawe, hivyo akapelekwa kwenye mizinga. Huyo ndiye ambaye wafuga nyuki wa dunia nzima wanamjua kama Bruda Adam.

Alipoanza kazi, jeshi lilikuwa limeshaingia. Ugonjwa uliozuka katika Kisiwa cha Wight mwanzoni mwa karne ulikuwa unafagia mizinga nchi nzima. Nyuki walitambaa chini mbele ya mzinga, mabawa yamepanuka ovyo, hawawezi kuruka. Abasia ilikuwa na makundi 46. Kufikia 1916 makundi 30 yalikuwa yamekufa. Mwaka 1921 ikatangazwa kwamba chanzo ni utitiri mdogo usioonekana kwa macho, unaoishi ndani ya mirija ya pumzi ya nyuki. Wataalamu bado wanabishana kama utitiri ule peke yake ungetosha kuua kiasi kile. Njia yake ya kuingia haibishaniwi: unahama kutoka kwa nyuki mzee na kumwingia nyuki mchanga katika siku zake chache za kwanza baada ya kutoka kwenye seli, kile kijumba cha sega alimokulia. Akishavuka siku tisa hivi, haumwingii tena kwa urahisi. Wazazi, na ninyi mliobeba dhamana ya ubatizo, hapo sina la kuongeza.

Tuje mlangoni. Nyuki kibarua, msimu wa kazi, huishi kama wiki sita. Wiki mbili tatu za kwanza yumo ndani: anasafisha seli, analisha majana (watoto wa nyuki), anajenga masega. Kabla hajaanza kutoka kutafuta chakula, wachache kati yao husimama mlangoni siku chache kama walinzi. Ukimtazama kwa karibu utamjua: amesimama kwa miguu minne ya nyuma, ile miwili ya mbele ameiinua, papasi, vile vipembe vya kichwani, zimeelekea mbele. Kila anayetua anapapaswa na kunuswa. Mwenye harufu ya nyumbani anapita, mgeni anasukumwa. Akilazimisha, mlinzi hutoa harufu ya hatari inayofanana na ya ndizi mbivu, na dakika hiyohiyo wanamiminika wengine. Ndiyo maana mrina asali mwenye akili hali ndizi kabla ya kwenda mzingani, na ndiyo maana anatanguliza moshi: moshi unaifunika harufu ile.

Mtakatifu Benedikto, katika Kanuni yake sura ya 66, anaagiza kitu kinachofanana na hicho. Langoni pa monasteri awekwe mzee mwenye busara, anayejua kupokea neno na kulijibu, ambaye umri wake haumruhusu kuzurura. Chumba chake kiwe karibu na mlango, ili kila anayebisha amkute mtu. Na sura ya 53 inasema wageni wote wapokewe kama Kristo mwenyewe, lakini busu la amani lisitolewe kabla ya kusali pamoja kwanza, kwa sababu ya hadaa za shetani. Mpokee, ndiyo. Ila salini kwanza, ndipo mkumbatiane. Sisi tunaanza na kumkumbatia, tunaendelea na kumkopesha, na sala tunaikumbuka siku namba yake haipatikani.

Walinzi wa nyuki nao wana udhaifu, na wafugaji wanaujua. Maua yakiwa tele, walinzi hupungua na kulegea. Kiangazi kikibana, huongezeka na kuwa wakali. Tena nyuki wa mzinga mwingine akija amebeba mbochi (maji matamu ya maua) au chavua tumboni na miguuni, mara nyingi anaruhusiwa kupita, wakati mwenzake aliyekuja mikono mitupu anafukuzwa. Mfalme Daudi hakuangushwa akiwa pangoni anawindwa na Sauli. Aliangushwa jioni, ametoka kulala, yuko darini mwa ikulu, maua yamechanua pande zote (2 Samweli 11). Zawadi nayo inuswe. Nasema nayo inuswe, hata ile inayoletwa na mtu wa kwaya.

Sasa nifike pale panaponiuma.

Huku kwetu, kusini mwa Sahara, yuko mende wa mzinga. Ni mdogo, milimita tano hadi saba, mweusi au wa kahawia iliyokolea. Ni wa hapahapa. Nyuki wetu wamemzoea tangu enzi. Alipovuka bahari na kuonekana Florida mwaka 1998, nyuki wa huko hawakumjua na mizinga mingi ilioza. Jike hutaga mayai kwenye nyufa au kwenye masega ya majana. Funza wake hula asali, chavua na majana, na uchafu wao huifanya asali ichachuke, ianze kutoka povu na kunuka kama machungwa yaliyooza. Nyuki wakishindwa, wanahama. Mzinga wenye masega mengi kuliko nyuki wa kuyafunika ndio unaokufa kwanza, kwa sababu kila sega lisilokaliwa ni chumba cha kulala cha mende.

Nyuki hawezi kumuua kirahisi. Akimsogelea, mende anavuta kichwa na miguu ndani kama kobe, na mwiba unateleza juu ya gamba. Wanachofanya ni hiki: wanamfukuza mpaka anakimbilia kwenye ufa, kisha wanamzungushia gundi ile wanayoikusanya kwenye miti. Wanamjengea gereza. Na walinzi wanasimama pale, usiku na mchana. Nyuki wa Rasi, kule Afrika Kusini, wamechunguzwa kwenye mizinga yenye vioo, na mende wamekutwa hai gerezani karibu miezi miwili.

Hai kwa chakula gani? Hapo ndipo penyewe. Mende akisikia njaa anasogea kwenye upenyo wa gereza, ananyoosha papasi zake na kumgusagusa mlinzi mdomoni, vilevile nyuki mwenzake anavyoomba chakula. Mlinzi wakati mwingine anamshambulia. Lakini akigusagusa bila kuchoka, mlinzi anafungua taya na kumtolea tone la asali kutoka tumboni mwake mwenyewe. Askari magereza anamlisha mfungwa aliyekuja kuivunja nyumba.

Wapendwa, dhambi nyingi tunazoshuhudia kuwa tumeziacha hazijafa. Zimefungwa. Tumezizungushia gundi ya mifungo, novena na ratiba ya jumuiya, na ni kweli hazitembei tena sebuleni. Ila kila zikitugusagusa tunazitolea tone. Yule mtu umeachana naye mbele ya padre, lakini namba yake bado imo kwenye simu, imehifadhiwa kwa jina la Fundi Bomba, na Krismasi lazima umtakie heri. Kubeti umeacha, isipokuwa mia tano ya Jumamosi kwa ajili ya kuchangamsha mechi. Ndugu yako umemsamehe, lakini kila kikao cha ukoo unasimulia upya alivyokufanyia lile shamba, kwa sauti ya upole kabisa, ukimaliza kwa "mimi nilishasamehe". Tone hilo. Chuki haihitaji ndoo, inaishi kwa tone.

Na tone linatoka tumboni mwako, si kwa adui. Asali uliyohangaikia maili nyingi, neema ya Komunyo ya Jumapili, ndiyo inayomnenepesha mfungwa Jumatano. Kisha tunashangaa kwa nini tunasali sana na tumechoka sana.

Nawakemea kwa upendo, na nikianza na sisi tunaoongoza sala: acheni kujivunia gereza. Kuna watu miaka kumi wanalinda dhambi moja, wameifanya kazi ya kudumu, wanaijua ukubwa wake na saa zake za njaa. Mlinzi anayekaa pale hatoki kukusanya chavua. Halishi majana. Watoto wake wanakua hawajui sala ya jioni kwa sababu baba yuko zamu kwenye ufa wake wa siri.

Mfugaji anafanyaje? Kwanza mlango. Kundi dhaifu lipunguziwe mlango hadi upana wa sentimeta mbili au tatu, kimo milimita nane, panya asipite na walinzi watoshe. Usiuzibe kabisa: joto likipanda hawataweza kupepea, watatoka na kuning'inia nje kama ndevu, mwisho watahama. (Wapo wenzetu waliojifungia na watu wote kwa jina la utakatifu. Hao nao wanakosa hewa.) Pili, ondoa masega yasiyofunikwa na nyuki. Tatu, usimwage asali karibu na mizinga, wala usiwape nyuki maji ya sukari mchana. Nyuki wezi wa mizinga mingine wanafuata harufu. Wape jioni.

Kisha fungua. Na ukifungua mzinga, jua kitakachotokea, maana wengi huogopa wakadhani wameharibu: kuinua kifuniko kunavunja gundi, magereza yanafunguka, na mende wanatoka mbio kutafuta giza. Mzinga unaonekana mchafu kuliko ulivyokuwa umefungwa. Ndivyo inavyokuwa mtu anapoungama vizuri baada ya miaka; yanatoka mambo aliyodhani yamekwisha, na anaona haya. Usirudishe kifuniko. Puliza moshi mara mbili tatu, kigeuze kifuniko chali kwanza kwa sababu wengi hujificha chini yake, waponde kwa patasi palepale, kwangua gundi ya kwenye pembe, ndipo uteremke sega moja baada ya jingine. "Ungameni dhambi zenu ninyi kwa ninyi, na kuombeana, mpate kuponywa" (Yakobo 5:16). Fundi Bomba afutwe kabla hujafika kwenye foleni.

Usiku wa Pasaka, shemasi akiimba Mbiu, atataja nyuki, maana mshumaa ule ni kazi yao. Mpaka hapo bado tuna wiki kadhaa. Padre anakaa kitubioni kila Jumamosi kuanzia saa kumi jioni. Wanaokuja saa kumi na moja na nusu hukuta amekwenda kuvaa kwa ajili ya Misa.